Vitabu Kumi na Tisa vya Bibi Lucienne

Jalada la kitabu lilikuwa limelowa. Hidaya alikishika kwa mikono miwili ndani ya duka la Désiré Kazadi, karibu na uwanja wa Sablon, Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja mwaka 2009, akahisi unyevu wa vuguvugu kwenye ngozi ile kuukuu, kama mgongo wa mtu aliyetoka kubeba mizigo. Akakinusa. Kilinuka chumvi, na shati lililovaliwa siku nyingi.

"Kimemwagikiwa maji?" aliuliza.

Désiré alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu mzima mwenye mvi, muuza vitabu chakavu na picha za zamani. Siku zote alikuwa mwepesi wa maneno. Leo alisimama mbali, nyuma ya meza, chupa kubwa ya maji mkononi.

"Mayi? Hapana, maman. Hicho kitabu kinaombaka mayi."

Hidaya akacheka.

"Hapana cheka. Kamata tu, uende nacho. Minakuachia."

"Désiré, unajua hiki ni nini? Ni kitabu cha Kiingereza cha miaka ile ya mwanzo kabisa watu walipoanza kupiga chapa. Kina zaidi ya miaka mia tano."

"Alors? Kamata." Akaweka chupa mdomoni, akanywa bila kupumzika mpaka plastiki ikabonyea, kisha akaenda kuijaza tena bombani.

Hidaya alifungua jalada, akaona kile alichokuwa akikitafuta: muhuri mdogo wa mizani na, chini yake, namba saba kwa wino wa zambarau. Moyo ulimruka kwa furaha. Alikifunga kitabu kwa kitambaa, akakitia mkobani, akapanda basi kurudi nyumbani Evere.

Hidaya alizaliwa Ujiji. Alikuja Ubelgiji kusomea kazi ya ukutubi, akavipenda vitabu vya kale kiasi cha kusahau kurudi. Aliolewa na Zuberi, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, aliyekuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia watu wasiojiweza. Zuberi alikuwa mtu wa vicheko na nyimbo za bafuni, na wazee walimpenda kuliko watoto wao wenyewe. Waliishi ghorofa ya tatu, wawili tu, wakiomba mtoto.

Kazi ya kutafuta vitabu hivyo aliipata kwa barua. Bibi mmoja wa Laeken, Lucienne, mwenye umri wa miaka sabini na moja, alikuwa akitafuta maktaba ya marehemu baba yake. Baba huyo alikuwa hakimu Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, enzi za Wabelgiji, na Lucienne mwenyewe alizaliwa huko. Alikusanya vitabu kumi na tisa vya Kiingereza vya uchapaji wa kwanza, na, kwa maelezo ya binti yake, alipokufa mwaka 1961 viliuzwa vyote kwa siku moja, kila kimoja na mnunuzi wake.

Siku ya kwanza Bibi Lucienne hakumuuliza Hidaya habari za shule wala vyeti. Alimmiminia kahawa, akauliza, "Unazungumza lugha gani?"

"Kifaransa, Madame. Kiingereza. Kiholanzi kidogo."

"Na nyingine?"

"Kiswahili. Ndicho nilichozaliwa nacho."

Bibi Lucienne alishusha kikombe chake polepole. "Basi ni wewe," alisema. Kisha akatoa sharti moja: kila kitabu kitakachopatikana kikae kwa Hidaya, mpaka vitimie vyote. Yeye hakutaka kuletewa kimoja kimoja.

Ilikuwa kazi ya subira, na Hidaya aliifanya vizuri. Alisoma orodha za minada ya miaka ya sitini, ambamo makarani walikuwa wameandika majina ya wanunuzi kwa penseli pembeni. Aliandikia wajukuu, mapadri, wauzaji. Alijifunza hata njia za wadudu: tundu lililotobolewa na mdudu katika kitabu cha saba liliendelea kwenye jalada la cha nane, kwa kuwa vilikaa bega kwa bega rafuni miaka mingi, hivyo alipokutana na tundu la namna ile alijua ni ndugu yake. Lakini kila alipokipata kitabu aliikuta kiu pia. Mjini Gent, mjane wa daktari wa meno alimwambia mumewe alikufa akinywa maji ya chombo cha maua. Mechelen, bibi mmoja alikuwa ameweka kitanda jikoni, kichwa chini ya bomba. Namur, padri mzee alimkabidhi kitabu kwa koleo la jikoni, bila kumtazama usoni, midomo yake imepasuka kama udongo wa kiangazi. Wote walikuwa wepesi wa kutoa. Hidaya aliona ni bahati.

Kufikia Januari alikuwa na vitabu kumi na vinane kwenye kabati la sebuleni.

Mambo ya nyumbani yalianza kwa udogo. Mimea ya dirishani ilikauka kwa siku moja. Birika lililojazwa asubuhi lilikutwa tupu, bila dalili ya maji kumwagika. Nguo zilizotoka kufuliwa zilikuwa kavu kabla ya kuanikwa, ngumu kama mbao, na zilinuka chumvi.

"Hidaya," Zuberi aliita kutoka bafuni, "wewe ndiye umemwaga maji yangu ya udhu?"

"Sijaingia huko."

"Bon. Basi kuna muntu anayanywa."

Alisema kwa utani, lakini alipotoka alikuwa akitazama ndoo, hacheki.

Watu husema majini hupenda giza. Huyu alikuja mchana. Alhamisi moja theluji ilikuwa imefunika magari ya Evere na jua jeupe lilijaa sebuleni. Hidaya alikuwa mezani peke yake, akilinganisha matundu ya wadudu kwa kioo cha kukuzia, saa ya ukutani ikielekea saa saba kasoro. Akasikia mlango unagongwa. Ko, ko, ko. Taratibu, kama mtu asiye na nguvu za kugonga sana. Aliinuka, akafungua mlango wa mbele. Hakuna mtu. Aliporudi kukaa, uligongwa tena, na safari hii alijua sauti inatoka wapi, maana milango ya kabati ilitikisika.

"Bibi mdogo."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu, inayokwaruza, na ilisema Kiswahili cha Ujiji, kile cha wazee, kile ambacho Hidaya hakukisikia tangu babu yake azikwe.

"Bibi mdogo, nifungulie. Sikuiba mimi. Nipe maji nikuapie."

Nywele zilimsimama. Alitaka kusoma Ayatul Kursi na ulimi ukamganda, na katika kuganda kule, kwa mazoea tu, kwa adabu aliyolelewa nayo, ya kwamba mtu mzima akikuita huwezi kunyamaza, kinywa chake kikasema, "Nani?"

Halafu kabatini mtu akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Ahaa," sauti ikasema. "Umeitika."

Jioni ile Zuberi alirudi kazini akiwa na kiu.

Alikunywa glasi tatu amesimama. Akanywa maji ya wali kabla mchele haujatiwa. Asubuhi Hidaya alimkuta amepiga magoti mbele ya beseni la kuogea, uso ndani, akinywa kama ng'ombe, na alipomvuta begani aligeuka akamtazama kwa macho ya mtu aliyekatishwa chakula. Siku ya tano alianguka kazini. Hospitali walimpima, wakamwambia Hidaya kwamba maji yamezidi mwilini, chumvi ya damu imeshuka, na kila tone analoongeza linamsogeza kaburini. Asipewe zaidi ya glasi nne kwa siku. Bomba lifungwe. Alirudishwa nyumbani na karatasi ya maelekezo, na Hidaya akawa askari wa maji katika nyumba yake mwenyewe: alifunga bafu kwa kufuli, alificha hata siki, alilala na ufunguo kifuani huku mume aliyempenda akimbembeleza kwa majina yote mazuri aliyowahi kumpa, kisha akimtukana, kisha akilia.

"Tone moja tu, Hidaya. Chérie. Ulimi umekuwa kama gunzi."

"Siwezi. Utakufa."

"Basi niache nife nimenywa."

Na ilipofika adhuhuri, kila siku, alinyamaza ghafla, akaketi wima, akagonga ubao wa kitanda mara tatu.

Hidaya alikwenda Laeken asubuhi moja ya ukungu, akapiga kengele bila kuachia. Bibi Lucienne alimchungulia kwanza kwenye kitundu cha mlango, kimya, kama ilivyokuwa desturi yake, ndipo akafungua. Alimpeleka chumba cha mbele, akaketi, akaendelea kumenya chungwa kwa kisu kidogo.

"Kuna mtu ndani ya vitabu vyako," Hidaya alisema. "Ananiita bibi mdogo."

"Ananiita mimi. Aliitwa Feruzi. Alizaliwa kwenu, Ujiji. Baba alimleta kutoka Usumbura mwaka hamsini na saba, awe mtumishi wa nyumba hii. Ndiye aliyepangusa vumbi la vitabu. Miaka miwili baadaye, mwezi wa nane, kitabu kimoja kikapotea. Baba akamfungia Feruzi ndani ya maktaba, akaondoka na ufunguo kwenda mnadani London. Alisema kiu itamsemesha." Ganda la chungwa lilishuka kisuni bila kukatika. "Alikaa London siku nne."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kwenye kiti hiki."

"Hakukuwa na ufunguo mwingine?"

"Ulining'inia jikoni."

"Na kitabu?"

Bibi Lucienne akafuta vidole, akavuta droo ya meza, akatoa kitabu chembamba chenye muhuri wa mizani. Kumi na tisa. "Nilikuwa nimemwazima kijana mmoja niliyetaka anione msomi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilimwogopa baba. Feruzi alikuwa akiniita kila adhuhuri, wakati wa chakula, kwa kuwa alisikia vijiko. Siku ya nne aliita kwa sauti ndogo sana. Niliongeza sauti ya gramafoni."

Alikula kipande cha chungwa. Hidaya alimtazama, akatafuta usoni mwake chozi, aibu, chochote. Aliona mwanamke mzee anayekula tunda.

"Baada ya maziko alianza kuniita tena. Miaka hamsini, kila mchana. Sijawahi kumjibu hata kwa kukohoa, ndiyo maana niko hai. Baba alipokufa niliviuza vile vitabu vingine kumi na vinane ili atawanyike, na kweli alipungua, lakini wale waliovinunua hawakujua lugha yake. Waliona kiu tu. Hawakumjibu, hivyo hakupata pa kukaa. Sasa mimi ni mzee, Madame Hidaya. Naogopa kwenda kaburini naye. Nilihitaji mtu wa kumwelewa. Mtu mwenye adabu, ambaye akiitwa huitika."

"Mume wangu hana kosa lolote."

"Feruzi naye hakuwa nalo," alisema Bibi Lucienne, akachukua kipande kingine.

Jumapili iliyofuata alikuja Maalim Hamadi. Alikuwa Mrundi kama Zuberi, wa Buyenzi vilevile. Siku za kazi alisafisha mabehewa ya treni Gare du Midi, na siku za mapumziko aliwasomea wagonjwa bila kudai kitu. Alifika asubuhi na ubani, chetezo, na Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cheupe. Alimlaza Zuberi kwenye mkeka wa sebuleni mbele ya kabati, akafukiza, akaanza kusoma.

Alisoma mpaka jasho likamtiririka, moshi ukatanda, mabomba ya nyumba nzima yakaanza kugonga ndani ya kuta, juu, chini, kwa majirani, ko, ko, ko, na Zuberi akajikunja kama jani linaloungua, akafumbua macho ambayo hayakuwa yake, na midomo yake iliyopasuka ikaachana.

"Salaam aleikum, Maalim," sauti kavu ilisema.

"Wewe nani?"

"Feruzi."

"Unasema uongo. Feruzi alikufa, hesabu yake iko kwa Mola wake. Wewe ni karini. Uko jini uliyezaliwa naye. Yeye alitoka, wewe ukabakia."

"Nilibaki na kiu yake."

"Unataka nini?"

"Maji."

"Ukipewa utatoka?"

"Nikitosheka." Zuberi alicheka, na damu ikamchuruzika kidevuni. "Lakini hana tumbo la kunitosha huyu. Mpeni anywe, tutaona nani ataanza kutosheka, mimi au yeye."

Hidaya alilia kwa sauti. Jicho la Zuberi lilimgeukia.

"Na mimi ndiye niliyekujibu," alisema Hidaya kwa kunong'ona. "Kwa nini hukunichukua mimi?"

"Wewe ni mlango. Nani anakunywa kwa mlango?"

"Toka!" Maalim alipaza sauti. "Toka, rudi kule ulikotoka!"

"Nyumba ile sikuwahi kukaribishwa, Maalim. Nililetwa. Mwenye nyumba anikaribishe kwa kinywa chake mwenyewe, kwa lugha yangu. Neno moja linatosha. Bibi huyu anibebe, mimi na vitabu vyangu, anifikishe mlangoni. Nitamwachia mume wake mzima kama alivyozaliwa."

Maalim Hamadi alifunga Msahafu. Alimvuta Hidaya jikoni, akamwambia taratibu, "Dada, sikiliza. Mimi simutoi jini kwa muntu mumoja nikamutia kwa mwingine. Hiyo si dawa. Ni uchawi. Nitamusomea siku arubaini. Atachoka, atatoka."

"Daktari anasema hana siku tano."

"Basi tutaomba Mungu."

"Yule mwanamke ndiye aliyemuua, Maalim! Ufunguo ulikuwa jikoni!"

"Nimesikia. Na Mungu naye alisikia. Usiingize mukono wako humo."

Jumatano Zuberi alivunja kufuli la bafu kwa kichwa. Hidaya alimkuta sakafuni amevimba uso, anatapika maji, mdomo bado kwenye bomba. Gari la wagonjwa lilimchukua. Daktari wa zamu hakumficha: ubongo umeanza kuvimba, wawaite ndugu.

Hakuwaita. Alirudi Evere, akaleta mbele ya kabati kitoroli chake cha sokoni, kile cha kitambaa chenye magurudumu mawili, akavipanga ndani vitabu kumi na vinane, vikubwa chini, vidogo juu, kwa uangalifu uleule aliotumia siku zote. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi.

Ndani ya basi alisimama karibu na mlango, ameshika mpini, na kabla ya vituo vitatu mtoto mchanga aliyekuwa amelala akaanza kulia kilio cha njaa, mama yake akamnyonyesha na mtoto akakataa ziwa akazidi kulia, mwanamume mwenye suti akalamba midomo, akailamba tena, msichana mmoja akageuza chupa tupu juu ya ulimi wake, dereva akakohoa, akakohoa, akasimamisha basi pasipo kituo na kukaa akimeza mate, na vioo vyote, ambavyo mvua ilikuwa imeviloweza, vikakauka kuanzia upande wa Hidaya kwenda mbele, polepole, kama mtu anayepangusa kwa kiganja. Hidaya alitazama chini. Alipanda tramu. Kitoroli kilikuwa kizito kama kimebeba mtu mzima aliyechuchumaa, na kila kiliporuka kwenye mawe ya barabara za Laeken alisikia kutoka ndani sauti ya mtu akivuta pumzi kwa hamu, kama mtoto anayekaribia nyumbani.

Hakupiga kengele. Kengele ingemfanya Bibi Lucienne aje kwenye kitundu, anyamaze, atazame. Alijua saa hizi bibi huyo husinzia kitini chumba cha mbele, baada ya chakula, dirisha likiwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Alijua pia kwamba alizaliwa Usumbura, akalelewa na yaya wa Usumbura, na kwamba lugha ya kwanza kuzoeleka kwenye ulimi ndiyo ya mwisho kutoka. Alisimama chini ya dirisha. Aligonga kizingiti cha dirisha kwa vidole, kwa upole, akaita kama wanavyoita kwao, kwa kuivuta sauti na kuipandisha mwishoni, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

"Hodiii."

Na kutoka ndani, kutoka usingizini, sauti nyembamba ya msichana wa zamani ikamjibu kwa furaha:

"Karibu!"

Kitoroli kikawa chepesi.

"Non," Bibi Lucienne alisema ndani. Kiti kilikwaruza sakafu. "Non, non, non. Hidaya? Hidaya, ni wewe?"

Bomba moja likafunguka ndani ya nyumba, mbali. Likafuata la pili. Hidaya alisukuma kitoroli hadi kwenye kizingiti cha mlango, akakiegemeza ukutani, akaondoka. Alitembea bila kukimbia. Nyuma yake dirisha lilikuwa likipigwa kwa viganja, na sauti ya bibi mzee ilikuwa ikimwita kwa jina, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili. Hakugeuka.

Alipofika hospitali Zuberi alikuwa ameketi. Glasi ya maji ilikuwa mbele yake, imejaa, hajaigusa. "Nina njaa," alisema. Hidaya alianguka kifuani pake, akalia mpaka muuguzi akaja.

Siku ya tatu maji yalitoka chini ya mlango wa nyumba ya Laeken mpaka barabarani, na majirani wakaita wazimamoto. Walimkuta Bibi Lucienne ndani ya beseni la kuogea, amezama hadi shingoni, hai, ulimi nje, mkavu kama kipande cha ngozi. Vitabu vyote kumi na tisa vilikuwa vimesimama rafuni kwa kufuata namba. Mpwa wake aliamua viuzwe, kila kimoja peke yake. Alimwomba Hidaya, kwa kuwa ndiye aliyevijua, aandike maelezo ya mnada. Hidaya aliandika kurasa nzuri, zenye umakini: aina ya karatasi, herufi, mishono, matundu ya wadudu. Mwisho wa kila kimoja aliandika: *Hali njema. Hakuna alama za maji.* Vilinunuliwa na watu wa miji mbalimbali, na Hidaya hakumwandikia onyo hata mmoja wao.

Zuberi alipopona alimuuliza imekuwaje, na Hidaya alimweleza yote, akiamini atashukuriwa. Zuberi alisikiliza hadi mwisho, mikono katikati ya magoti.

"Uliniokoa," alisema. "Sikatai. Lakini hata muntu mubaya hafanyiwi vile, Hidaya."

Hakuimba tena bafuni. Na alianza jambo ambalo mkewe hakuweza kulizuia: kila Jumapili alikwenda kule Laeken, kwenye nyumba ya wagonjwa alikolazwa Bibi Lucienne. Mpwa hakwenda. Hakuna aliyekwenda. Madaktari waliagiza apewe maji kidogo sana, maana kila tone lilimdhuru, na wauguzi walichoka na kelele zake. Zuberi, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alilowesha pamba, akampangusia midomo, akaketi naye saa nzima.

Hidaya alimsindikiza hadi kituo cha basi mbele ya jengo, akamsubiri kwenye benchi. Hakupanda juu hata siku moja.

"Anasemaje?" aliuliza mara moja, njiani kurudi.

"Hasemi kitu. Ulimi umekufa. Anageuza tu kichwa dirishani, anatazama kule kituoni."

Wiki iliyofuata Hidaya aliketi kituo kingine, upande wa pili wa jengo, ambako hakukuwa na dirisha la chumba kile. Zuberi aliposhuka hakungoja kuulizwa.

"Leo amelalia upande wa mulango. Sijui nini. Tulimugeuza mara tatu, akarudi vilevile."

Baada ya hapo Hidaya aliacha kwenda. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne alibaki nyumbani Evere, mapazia yamefungwa mchana kweupe, amekaa sakafuni kwenye pembe ya chumba cha kulala, magoti kifuani. Alimsikia Zuberi akiingia, akivua viatu, akisimama mlangoni.

"Hidaya, uko wapi? Kwa nini umekaa chini?"

"Niambie tu. Leo alitazama wapi?"

Zuberi alikuwa amechoka, na alikuwa mtu asiyejua kusema uongo.

"Alijikokota mupaka mwisho wa kitanda," alisema. "Aliweka paji la uso kwenye ukuta wa nyuma, hapo ndipo alibakia, hatujaweza kumubandua. Nilimuuliza muuguzi nyuma ya ukuta ule kuna nini. Akasema hakuna kitu. Bustani, reli, halafu Evere."